Antibodi ya CD45 kloni HI30: ichukueni, ila rangi mchague mkijua joto la Dar

Wadau wa maabara mnaofanya flo saitometri (kupima seli moja moja kwa mwanga wa leza) hapa Dar, kama kuna antibodi moja, yaani protini ya kushika alama ya seli ikiwa imebandikwa rangi inayowaka, isiyotakiwa kukosekana kwenye friji basi ni hii ya CD45 kloni HI30 (kloni ni toleo la antibodi). Mimi naitumia kwenye maabara moja hapa Upanga kwa damu ya wagonjwa na nina imani nayo kabisa.

CD45 ni protini kubwa, kama kilodaltoni 180 mpaka 220, inakaa kwenye utando wa seli na mkia wake wa ndani ndo kimeng'enya cha kunyofoa fosfeti kwenye tairosini, kwa mfano kwenye seli T inaitoa ile fosfeti ya tairosini 505 inayoibana Lck (kimeng'enya cha kuanzisha ishara ndani ya seli T), bila hivo ishara haipiti vizuri. Kwetu sisi uzuri wake ni kwamba karibu seli nyeupe zote za damu wanayo, seli nyekundu zilizokomaa na chembe sahani hazina, kwa hiyo hata kama nyekundu hazijayeyuka zote ukiweka geti (mstari wa kuchagua seli kwenye grafu) kwenye CD45 takataka zinabaki nje.

Sasa iweke kwenye grafu na said skata (mwanga unaotawanyika pembeni, unaoonyesha chembechembe za ndani ya seli) uone raha, limfosaiti zinang'aa kuliko wote, monosaiti zinafuata, neutrofili zinashuka kidogo huku said skata yao kubwa, makundi yamejitenga safi huhangaiki kubahatisha mstari upite wapi. Alafu blasti (seli changa) za lukemia, saratani ya damu, zinajitokeza kwenye eneo la CD45 hafifu na said skata ndogo, sehemu ambayo kwenye damu ya mtu mzima wa afya huwa karibu tupu. Hapo ndo naipendea, mana daktari yupo wodini anasubiri na mzazi yupo kwenye benchi nje, na wewe kwenye skrini unajua uanzie wapi kutafuta. Ila msilibane sana geti, blasti nyingine hasa za limfosaiti B zinaweza zisiwe na CD45 kabisa zikapotea hivi hivi.

Rangi ndo kwenye kazi. CD45 imejaa tele juu ya seli hivo haihitaji rangi kali, rangi kama FITC au PerCP inatosha na hizo kali mziachie alama adimu. Zile za kuunganishwa mbili mbili kama PE-Cy7 kwa mji huu zinaumiza, joto na mwanga vinazivunja taratibu na ikivunjika inaanza kuwaka kwenye chaneli ya PE (sehemu ya mashine inayosoma rangi ya PE peke yake), unapata majibu ya uongo yanayofanana na ukweli. Kuna wakala mmoja alichelewesha makaratasi boksi likakaa wikiendi nzima, linafika barafu ishakuwa maji ya vuguvugu, hela imekwenda na wagonjwa wanasubiri, inauma sana jamani. Mwambieni wakala aweke kifaa cha kurekodi joto ndani ya boksi na mkisome kabla ya kusaini. Nyuzi 2 mpaka 8, gizani, na kwenye friza msiweke kabisaa.

Mnaopima seli za panya wadogo wa maabara (mouse) hii haiwafai, chukueni kloni 30-F11. Wa patholojia wenye vipande vya tishu vilivyowekwa kwenye nta ya parafini tafuteni mchanganyiko wa kloni 2B11 na PD7/26, huo ndo uliozoeleka kwenye tishu ya fomalini.