Nilikatwa ukucha Kisumu kabla ganzi haijashika

Naandika nikiwa na hasira, na wanaonijua wanajua mimi sikasiriki ovyo. Kazi yangu ni usoja, nalinda lango la watu huko Milimani. Usiku kucha nimesimama ndani ya buti. Buti zenyewe nilipewa namba 8, na mguu wangu ni 9. Nilipouliza nikaambiwa zitapanuka. Kilichopanuka ni kidole.

Ukucha wa dole gumba, mguu wa kulia, ulianza kuchoma pembeni. Nami kwa ujuaji wangu nikachukua wembe, nikaukata kona kwa mviringo, nikachimba mpaka ndani. Hapo nilijichongea. Ukucha ukikatwa hivyo hubakiza kijiba kama mwiba, na kadiri unavyokua ndivyo kile kijiba kinavyoingia kwenye nyama. Inatakiwa uukate kwa mstari ulionyooka, kona uziache. Nani alikuwa ameniambia? Kwenye kemisti nikauziwa kapsuli mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyesema vua kiatu tukione. Ukizimeza panapoa, zikiisha usaha unarudi, maana mwiba bado uko ndani. Mama akanipigia simu kutoka Vihiga, akasema loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi. Hayo yalinituliza kuliko kapsuli, ila nilikuwa nimechelewa. Nyama ilishaota juu ya ukucha, nyekundu, ikiguswa na soksi tu inatoka damu.

Basi mwaka jana hivi, wakati wa mvua, nikaingia kliniki moja ambayo jina lake naliweka moyoni. Mwanzo ulikuwa mzuri. Sista alinitoboa kidole cha mkono akapima sukari kwanza, akanieleza kwamba mwenye sukari anaweza kupoteza hisia miguuni, na kidonda chake hukawia kupona, ndiyo maana hawamgusi mtu kabla ya kujua. Nikasema leo nimefika kwa watu. (Sista, kama unasoma, hasira hii si yako.)

Halafu akaingia kijana mmoja, glavu mkononi, simu ameibana kati ya sikio na bega. "Omera, lala." Nikalala. Akanidunga kwenye shina la kidole, sindano moja kila upande, na sindano ya ganzi yenyewe inauma jamani. Akakata kidole cha glavu nyingine, akakivingirisha kwenye dole langu kikabana kama mpira, eti kuzuia damu. Muda wote huo anaongea na simu, habari za kiwanja. Sikutazama saa, lakini dakika moja haikuisha. Akashika mkasi, akaupenyeza chini ya ukucha.

Ndugu zangu. Nimewahi kurushiwa mawe na wezi. Nimewahi kung'atwa na mbwa wa tajiri niliyekuwa namlindia mali. Hayo yote ni mchezo. Nilipiga yowe.

Akasimama, akanitazama, akasema kwa sauti iliyofika kwenye benchi la nje: "Soja mzima unalia? Mwizi akija itakuwaje?"

Benchi zima likacheka. Nilisikia kicheko cha akina mama, na cha mtoto mmoja kikabaki peke yake wengine walipomaliza.

Nikamwambia bado nasikia. Akasema, "Hiyo ni uoga tu." Uoga! Ganzi hutaka dakika kadhaa ishike, hata kumi, na kidole chenye usaha ndicho kigumu zaidi kuingia ganzi. Mtu anayekata kucha za watu kila siku analijua hilo kuniliko. Angemaliza tu mambo ya kiwanja chake ndipo ashike mkasi, tungeachana marafiki. Sista ndiye aliyesema, "Daktari, tumngojee kidogo." Tukangoja. Na ajabu ni hii: alipovuta tena, kile kipande cha pembeni kilitoka nami sisikii kitu ila kuvutwa, kama gugu linang'olewa shamba la jirani.

Nililipa 3,500. Kubadilisha bandeji 300 kila safari, jambo ambalo halikutajwa mapema. Nikatoka nachechemea, nikapanda boda, kumbe mwenye boda alikuwa kwenye lile benchi. Mpaka leo stejini naitwa Itakuwaje. Watoto wa ploti wamelidaka. Juzi mke wangu aliniita hivyo kwa kusahau.

Kwa hiyo msiende. Nyota moja, na hiyo ni ya sista.

Lakini nikisema kidole hakikupona nitakuwa mwongo. Kilikauka baada ya wiki mbili tatu, ile nyama nyekundu ikanywea. Na kijana huyo huyo, siku ya bandeji, ndiye aliyeona ngozi imechunika katikati ya vidole vingine, akaniambia hizo ni fangasi, zinapenda joto la Kisumu na soksi mbichi. Akaniandikia dawa ya kupaka, akanionya nisiiache siku muwasho unapoisha, niendelee wiki moja au mbili mbele, na nikioga nikaushe katikati ya vidole. Fangasi zimekwisha. Buti namba 9 nilijinunulia mwenyewe, mitumba ya Kibuye. Mikono yake haina kasoro, ni mdomo. Labda nyota tatu. Nne, kama angezima simu.

Sasa pembeni mwa ukucha ule ule kuna kitu kinachungulia. Nimeuliza, nikaambiwa kipande kikitolewa bila mzizi wake kuuliwa kwa dawa, fenoli, ukucha unaweza kurudi na tabia zake. Mimi sikupakwa chochote wala sikuambiwa kwamba dawa hiyo ipo. Hapo nimewaka upya. Rudisheni ile nyota moja.

Hata hivyo wiki ijayo naenda kwake. Mgeni nitaanza naye upya, huyu kidole changu anakijua. Ila nitakwenda na saa. Akishadunga nitahesabu dakika kumi mimi mwenyewe, kwa sauti, benchi lisikie.