Shokapu za Hagon kwenye Honda CB750 yangu ya zamani, zimenikosha

Wakuu, pikipiki ni CB750 K ya miaka ya 70, rimu za spoki, mbele inchi 19 nyuma 18. Ilikuwa ikipita tuta inadunda kama mpira, mgongo wote unauma. Nikaagiza shokapu mbili za nyuma za Hagon, hawa wapo hapa Uingereza, wanakuuliza kabisa uzito wako na kama unabeba abiria ndo wanakupangia springi (mke wangu kasikia nataja kilo zake, tukanuniana siku mbili). Mbele nimeweka springi za progresivu (zinazidi kuwa ngumu kadri zinavyobanwa), oili mpya na sili mpya maana za zamani zilikuwa zinavuja. Sasa kona inakaa imetulia, ukishika breki pua haizami sana.

Rimu ndo ziliniumiza. Gereji ya kwanza walifunga spoki hovyo, gurudumu likawa linayumba, nikapeleka kwa mzee mmoja akalinyoosha upya na kubadilisha beringi. Rimu zenyewe nimechukua za alumini, nyepesi kuliko zile za chuma na hazishiki kutu. Bei imechoma ila shokapu nazisifia bila kigugumizi, kama hela ni ya kitu kimoja anza na hizo.