Kampuni ya kusafisha maji yaliyoingia petroli: kazi safi, ila wana haraka ya kufunga virago

Nasimamia sheli moja upande wa Mbagala. Wengi wameniuliza tulimpata wapi mtu wa kusafisha petroli iliyovujia ardhini. Jina silitaji, nitasema huduma ilivyokuwa, nanyi mtajua cha kuwauliza wenu.

Mafuta yalitoka kwenye kiungo cha bomba, tenki lilikuwa zima. Mbaya ni kwamba ardhi yetu ni mchanga, maji yako karibu, na majirani wana visima. Kampuni ikachimba vishimo vyembamba vya kupimia kuzunguka sheli. Fundi alishusha bomba la plastiki angavu kwa kamba, akalipandisha taratibu, akaliinua juani: chini maji, juu petroli ya rangi ya chai iliyozimuliwa, unene wa vidole viwili. Bosi aliyekuwa anabisha tangu asubuhi alinyamaza palepale.

Hapo nawapa sifa zote. Kabla hata ya kufunga pampu walikwenda nyumba kwa nyumba, wakaagiza boza la maji, na kuwaambia kina mama wasiyachemshe yale ya kisimani: ukichemsha, mvuke wa petroli unalijaza jiko na wewe unauvuta. Vidonge vya klorini navyo haviitoi petroli. Hayo sikuyasikia kwa mtu mwingine yeyote aliyekuja kutupa bei.

Kunyonya mafuta yanayoelea hawana mpinzani. Walipuliza hewa chini ya maji, mashine nyingine ikavuta mvuke unaopanda, na maji yaliyosukumwa juu yakapita kwenye mapipa mawili ya mkaa maalumu. La kwanza linakamata, la pili linalinda. Sampuli inachukuliwa katikati ya mapipa, ili ijulikane la kwanza limechoka lini. Kelele za ile mashine usiku, tusizungumze.

Sasa matatizo. Sumu inayotafutwa zaidi ni benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu; Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Sampuli yake hujazwa kwenye kichupa cha kioo mpaka mdomoni, ukikipindua usione kiputo, maana benzeni hukimbilia kwenye hewa. Mwanzoni walifanya hivyo. Baadaye akaja kijana na chupa ya maji ya dukani, imejaa nusu. Nilimrudisha nayo.

Kubwa zaidi, majibu yaliposhuka chini ya kikomo pampu zikiwa zinafanya kazi, wakaleta karatasi ya kukabidhi kazi niisaini. Nikamwambia injinia azime mitambo kwanza, tusubiri masika.

"Dada, mkataba unasema mpaka majibu yashuke."

"Yashuke yakae, au yashuke siku ya kupiga picha?"

Masika yakaja, maji yakapanda hadi kwenye mchanga ulioshika petroli, benzeni ikarudi juu ya kikomo. Walirudi, lakini na ankara mpya, wakidai hiyo ni kazi nyingine. Tulivutana hadi wakakubali nusu ya bei. Kwangu hiyo ilikuwa kazi ileile, na nusu hiyo nayo haikustahili kulipwa.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mkichukua kampuni kama hii, andikeni kwenye mkataba kwamba kipimo cha mwisho ni cha baada ya pampu kuzimwa na masika kupita, na kwamba gharama ya kurudi ni yao. Ripoti zao za kupeleka NEMC (baraza la mazingira) na EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) zilikuwa nadhifu, hilo halina ubishi. Mafuta yakivuja tena nitawaita waje kunyonya. Sampuli atachukua mtu mwingine, na maabara nitailipa mwenyewe.