curl: imenionyesha faili linakatikia wapi na nani analikata

Jamani kama unaendesha seva na watu wanakulalamikia kila siku "faili lako halifunguki" na wewe ukiingia kwenye seva unalikuta zima kabisa, soma hii. Nimetumia curl (programu ya kushusha vitu mtandaoni kwa kuandika amri) kwa miaka kwa vitu vidogo vidogo lakini mwezi huu ndo nimejua thamani yake na nimeona niiandikie ripoti ya kueleweka.

Ilikuwa hivi, tunagawa masomo ya video kwenye faili moja la zip, giga 2 na nusu hivi. Wengine wanashusha bila shida, wengine linawakatikia njiani. Kuna mwalimu mmoja alijaribu mara 4, kila mara bando linateketea na brauza inamwandikia imeshindikana, hitilafu ya mtandao. Basi na sisi tukaamini hayo maneno, tukawa tunamjibu mtandao wako ndo una shida tafuta sehemu yenye kasi, na kwetu ofisini likishushwa linakuja lote sasa tungejuaje.

Mpaka nilipofungua teminali, lile dirisha la kuandika amri. Kwanza nikapiga curl -I na anwani ya faili, hiyo inaleta heda peke yake, yaani maelezo ya faili yanayotangulia, bila kushusha kitu, nikaona Content-Length: 2611340115, yaani seva inaahidi baiti bilioni 2.6. Sawa. Halafu nikalishusha kawaida, likaja lote. Hapo ndo nikakumbuka hawa wanaolalamika wote wana mtandao wa polepole, nikarudia lakini safari hii nimeweka --limit-rate 1M ili curl ijifanye mtu wa mtandao mdogo, mega 1 kwa sekunde. Nikasubiri. Dakika ya 17 ikasimama na kuniandikia kosa namba 18, mawasiliano yamefungwa na bado baiti 1529357139 hazijasomwa.

Hiyo namba ndo kila kitu. Toa kwenye ile jumla unapata nimepokea baiti 1081982976. Sasa giga 1 kamili ya kompyuta ni baiti 1073741824, kwa hiyo nimepata giga 1 na milioni 8 na ushee juu yake. Mtandao mbovu haukati hivyo, mtandao mbovu unakata popote, leo mega 300 kesho giga 2. Kikikatika karibu na namba ya duara ujue kuna mahali mtu ameandika kikomo.

Na kweli kikomo kilikuwepo. Mbele tuna nginx, programu ya seva inayofanya kazi ya proksi, yaani inasimama katikati ya mteja na seva, na nyuma kuna programu inayotoa faili. Programu ya nyuma ina kasi, inamwaga data, nginx inazipokea na kuziweka kwenye faili la muda wakati mteja wa polepole anavuta kidogo kidogo, na hilo faili la muda lisipobadilishwa mwisho wake ni mega 1024 (setingi inaitwa proxy_max_temp_file_size). Likijaa nginx inaacha kupokea, programu ya nyuma inasubiri weee inaona hakuna anayechukua, muda wake unaisha inafunga mlango, na mteja anamaliziwa kilichobaki kwenye bafa (hilo hilo faili la muda) kisha anakatiwa. Zile milioni 8 za juu ni zile zilizomfikia mteja kwenye sekunde 8 hivi wakati bafa inajaa! Hesabu ikakubali mpaka nikasimama kwenye kiti. Kwenye logi ya makosa ya nginx mistari ilikuwepo siku zote, upstream prematurely closed connection, yaani programu ya nyuma imefunga mawasiliano kabla ya kumaliza, hakuna aliyeisoma kwa sababu tulishaamua kosa ni la mteja.

Kwa hiyo curl kwenye kutafuta chanzo naipa alama zote. Haikwambii "imeshindikana" halafu ikaishia hapo, inakupa namba, na ukiwa na namba unajua pa kwenda. Mfano likikatika kila mara baada ya sekunde zile zile, 30 au 60, bila kujali baiti ngapi zimeshuka, hapo usihangaike na saizi kaangalie muda wa kusubiri uliowekwa kwenye seva au kwenye programu. Likigoma kwenye giga 4 kasoro baiti 1 na unaliweka kwenye flashi, hapo seva haina kosa, flashi iko kwenye FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, na haiwezi kubeba faili kubwa kuliko hapo. Ukipata kosa 92 badala ya 18 ujue mnaongea kwa HTTP/2, toleo jipya zaidi la lugha ya seva na brauza, ongeza --http1.1 urudie ndo utaona baiti vizuri.

Sasa kwenye kumalizia faili lililokatika hapo sina furaha nayo sana. Kuna -C - inayoendelea ulipoishia, nzuri, lakini lazima uipige mwenyewe kila ikikatika, maana ile --retry haihesabu kosa 18 kama la kurudia, mpaka uongeze --retry-all-errors ambayo ilikuja 2020. Mtu wa kawaida atajuaje hayo? Kwa kazi hiyo wget -c (wget ni programu nyingine ya kushusha) ni bora, inarudia yenyewe hadi mara 20 na ndo niliyomwelekeza yule mwalimu atumie. Ila zote mbili zina hatari moja, kama faili limebadilishwa kwenye seva katikati, unaunganishiwa nusu ya zamani na nusu ya mpya na saizi inaweza ikatimia kabisa. Tena kuna seva hazitaji urefu wala hazigawi data kwa vipande vyenye alama ya mwisho, zinafunga tu mawasiliano zikimaliza, na hapo hata curl haina namna ya kujua pamekatika, itakwambia sawa. Kwa hiyo siku hizi pembeni ya kila zip naweka sha256 yake, alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili ili mtu alinganishe kama limefika zima.

Kingine kinachoudhi, usipoweka -f ukikutana na 404 (faili halipo) inakuhifadhia ule ukurasa wa kosa kwa jina la faili lako, unabaki na zip ya kilobaiti 2 unajiuliza imekuwaje.

Ni ya bure, Daniel Stenberg wa Sweden ameanza kuitoa kwa jina hili 1998 na bado anaiendesha, na Windows 10 imekuja nayo tangu 2018 kwa hiyo huna haja ya kuinstoo kitu. Nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeikata kwa sababu ya --retry.

Kwetu niliweka ile setingi iwe 0 ili nginx isiandike tena kwenye diski, nikarudia na --limit-rate 1M ile ile, dakika 41 na ushee, ikamaliza bila kosa na sha256 ikalingana. Mwalimu nimempigia kumwomba radhi na nimemtumia bando la kushushia upya.