Thonny: kama menyu yako inatokea mara moja tu na programu inaisha, jaribu hii

Kwa mtu mwenye anaanza Python (lugha ya kuandika programu) hapa Goma, mimi sijaona kitu kinashinda Thonny, programu ya kuandikia kodi ya Python na kuiendesha. Iko bure, ilitengenezwa ku chuo kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wenye wanajifunza, na inakuja na Python yake ndani, hakuna tena kutafuta kingine na kumaliza mega. Ukiisha kuiweka haikuombi intaneti, hata fayili ya kuinstala unaipitisha na fulashi toka mashini moja kwenda ingine, na kwa vijana wa Ndosho ao Katindo wenye wananunua mega kidogo kidogo hiyo njo faida kubwa. Tena unaweza kuiambia iongee Kifaransa, tafuta lugha mu Options.

Lakini chenye kimenifanya niandike ni menyu. Kila mwanafunzi anapewa hii zoezi, tuseme kioski ya unite pale Birere: 1 Kuuza, 2 Kuona stoki, 3 Kutoka. Anachagua 1, programu inauza, inaishia pale. Anaambiwa weka while (amri ya kurudia), anaweka, sasa inauza inauza bila kusimama mpaka abonyeze ile Stop nyekundu. Mwisho mtu anamupa jibu, anakopia, inatembea, na bado hajaelewa chochote, na hiyo inaniuma sana juu while njo mlango wa bingine byote.

Mu Thonny, pahali pa F5 yenye inaendesha programu yote, bonyeza Ctrl+F5. Amri ya kwanza inapata rangi, programu inakungoja, halafu F7 inakupeleka hatua ndogo ndogo mpaka ndani ya while (F6 ni hatua kubwa, ukiibonyeza ku while itaendesha while yote mara moja). Jaribu na hii:

while True:
    print("1 Kuuza  2 Kuona stoki  3 Kutoka")
    chaguo = input("Chagua: ")
    if chaguo == "1":
        print("Tunauza")
    elif chaguo == "2":
        print("Stoki ni hii")
    elif chaguo == "3":
        break
    else:
        print("Hiyo haiko mu menyu")

Utaona rangi inateremka, ikifika mwisho inapanda yenyewe ku while, na ukiandika 3 inaangukia break na inatoka, basi. Sasa chukua mstari wa input, uupandishe juu ya while, uanze tena na F7: rangi hairudi tena ku swali, chaguo inabaki "1" siku zote, njo maana ilikuwa inauza bila kusimama! Hiyo mtu anaiona na macho yake, hakuna mwalimu wa kumuelezea mara kumi.

Ingine yenye ninapenda sana ni tablo ya Variables pembeni (kama haionekani iko mu View). Ukiandika 1, pale inaonyesha '1' na alama za maneno, juu input inakupa maandishi, haikupi namba. Kwa hiyo mwenye ameandika if chaguo == 1 atangoja bure, na akibonyeza F7 atakuta ile hesabu yake imegeuka False mbele yake. Wengi wanakimbilia int(input()) ili maandishi igeuke namba, sawa, inatembea, ila mteja akigusa herufi programu inakufa na ValueError na menyu inakwenda nayo. Kwa menyu tu mimi ninasema linganisha na "1" yenye alama, usijisumbue, else itamupokea mwenye amekosea.

Kwa kazi kubwa yenye fayili mingi utatafuta kitu kingine, haikutengenezwa kwa ile. Na wenye wako na simu tu, Thonny ni ya Windows, Mac na Linux, haiko ya Android, ila Pydroid 3, app ya Python ya Android, itaendesha hii hii kodi bila kubadilisha kitu. Mwenye anapata mashini ya ndugu hata jioni tu, aanze na Thonny, na aanze na Ctrl+F5.