Uzoefu wangu: miezi mitatu na kozi ya GMAT ya mtandaoni, hasa yale maswali ya asampsheni, yaani kitu kilichojificha ndani ya hoja (niko Mbeya)

Wakuu habari za saivi. Kuna watu wawili watatu niliwaahidi kwamba nikishafanya GMAT (ule mtihani wa kuombea nafasi ya kusoma MBA, shahada ya uzamili ya biashara) ntaandika, sasa nimefanya na matokeo ninayo. Jina la kozi sitaji maana kuna mambo ntawasema vibaya na sina hela ya wakili, ila ni moja ya zile za kulipia kila mwezi, vidio kibao, benki ya maswali, na grafu ya kukuonesha unavyopanda na kushuka. Yangu mwezi wa kwanza ilikuwa inashuka tu kama barabara ya kwenda Kyela.

Mimi ni afisa mikopo hapa Mbeya mjini, naishi Forest, nataka kwenda kusoma MBA. Kusoma kwangu ni saa kumi alfajiri, blanketi mabegani, Juni hii mnajua wenyewe baridi la huku, laptopu ndo inakupasha joto mapajani. Saa kumi kwa sababu bando la usiku bado linafanya kazi na umeme muda huo angalau unakuwepo. Vidio zao ni nzito, hazina namna ya kuzishusha uangalie baadaye bila bando, hiyo ni hasara ya kwanza muijue mapema.

Kwa asiyeijua GMAT ya saivi: imebadilishwa tangu mwishoni mwa 2023, imekuwa fupi, saa 2 na dakika 15, sehemu tatu za dakika 45 kila moja. Hesabu maswali 21, Verbal (ya kusoma na hoja) 23, Data Insights (ya kuchambua data) 20. Ile ya kusahihisha sentensi waliitoa, kwa hiyo kwenye Verbal umebaki na ufahamu na kuchambua hoja basi, mtu kama mimi niliyekuwa nategemea sarufi ya kukariri sina tena pa kujificha. Swali moja la Verbal lina chini ya dakika mbili. Alama jumla ni kuanzia 205 mpaka 805 na zote zinaishia na 5, na kila sehemu ina alama zake 60 hadi 90.

Kabla sijalipa nilifanya mtihani mmoja wa majaribio wa bure wa wenye mtihani wenyewe (wanatoa miwili bure kwenye tovuti yao, anzeni na hiyo, msilipe kitu kabla). Verbal nikapata 76. Nikarudi kuangalia nilipokosa, ufahamu sikuwa mbaya sana, kudhoofisha hoja nilikuwa naotea otea, ila maswali ya asampsheni nilikosa karibu yote. Yaani ukisoma jibu sahihi unaona kabisa hili mbona la kijinga, nani angelichagua.

Asampsheni ni kile kitu ambacho mtoa hoja hajakisema lakini hoja yake imekikalia. Ukikitoa, anadondoka. Swali linakuuliza hoja hii inategemea nini, halafu wanakupa machaguo matano, manne yamekaa vizuri kuliko la ukweli. Ndo mtego wenyewe. Mimi nilikuwa nachagua lile linalosaidia hoja, na kozi ilinishika hapo wiki ya kwanza, hilo niwape haki yao. Kuna tofauti ya kitu kinachosaidia na kitu ambacho bila hicho hakuna hoja. Kaka yako akikuongezea laki ya ada amekusaidia, lakini usipojiandikisha shuleni hiyo ada unamlipa nani? Swali linataka kile cha kujiandikisha.

Dawa yao kubwa wanaiita tesiti ya kukanusha. Unachukua chaguo, unaligeuza kuwa kinyume, unalirudisha kwenye hoja. Hoja ikifa, ndo lenyewe. Hoja ikiendelea kupumua, liache. Ukisikiliza kwenye vidio inaonekana rahisi kama kumenya ndizi, yule jamaa anafanya kwa sekunde ishirini na tabasamu. Mimi nikienda kufanya mwenyewe kila chaguo hoja inakufa. Machaguo matatu yote yanaua hoja, sasa nichague lipi? Nikaandikia huduma kwa wateja, wakajibu baada ya siku mbili kwamba nirudie vidio namba nne. Nikarudia. Bando likaisha, hoja zikaendelea kufa.

Shida nyingine mifano yao. Bima ya meno, viwanja vya besiboli, mji fulani unafikiria kodi ya maegesho. Nikawa natumia nusu ya akili kuelewa kwanza hicho kitu ni nini. Najua kwenye mtihani watakuja hivyo hivyo, lakini wakati wa kujifunza namna ya kufikiri kwa nini ubebe mizigo miwili? Basi Jumapili moja nikakaa nikatunga langu, mtindo ule ule ila vitu vya huku. Naliweka lote maana hapa ndo nilipofunguka:

Wanunuzi wa viazi wanafungasha lumbesa, gunia moja linazidi kilo mia kwa mbali. Gunia likisimamiwa liwe la kilo 100 tu, mkulima kwa mavuno yale yale atajaza magunia mengi zaidi. Kwa hiyo kipato cha wakulima wa viazi kitaongezeka. Hoja hii inategemea nini?

Machaguo (niliweka matatu tu nilichoka): la kwanza, mavuno ya viazi yataongezeka msimu ujao. La pili, wanunuzi wote watafuata utaratibu wa kilo 100. La tatu, bei ya gunia haitashuka kiasi cha kumeza faida ya yale magunia yaliyoongezeka.

Jioni nikapita kwa shangazi yangu Uyole, yeye viazi ndo maisha yake, analima na mzigo wa wenzake anaupeleka Mwanjelwa. Nikamsomea ile hoja tu, machaguo sikumpa. Alikuwa anachambua mbegu, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Baba, hao matajiri unawajua unawasikia? Gunia likipungua na hela si wanapunguza." Sekunde tano. Chaguo la tatu hilo, kalitoa mwenyewe bila kuonyeshwa. Tesiti ya kukanusha unaiona hapo hapo: bei ikishuka kwa kiasi kile kile, magunia mengi lakini hela ile ile, hoja chali.

Nikamwambia haya shangazi, je wanunuzi wote wakifuata? Maana mimi la pili lilikuwa linanisumbua, nikilikanusha na lenyewe linaua hoja. Akasema, "Wote wapi, wa kukaidi hawakosekani, na bado wengine tutawauzia kwa kilo." Nikanyamaza kidogo. Kwa sababu mimi kwenye daftari nilikuwa nimekanusha hivi: wanunuzi wote HAWATAFUATA. Yaani hamna hata mmoja anayefuata. Ukiweka hivyo kweli hoja inakufa. Lakini kinyume cha "wote watafuata" sio "wote hawatafuata", ni "SI WOTE watakaofuata", na hiyo hata akikaidi mmoja tu pale Igawilo inatosha kuwa kweli, wakati kipato cha wakulima bado kinaweza kupanda vizuri tu. Hoja inapumua. Chaguo linaondoka.

Aisee. Miezi yote nilikuwa nakanusha kama mtoto wa darasa la nne kwenye zoezi la Kiswahili, unatafuta kitenzi unabandika ha- mbele unafunga daftari. Shangazi hajui GMAT ni ya kula au ya kunywa lakini hawezi kusema "wote hawatafuata" akimaanisha wapo watakaokaidi. Kozi walikuwa wamelisema hili? Nikarudi kutafuta, wamelisema, sentensi moja, dakika ya kumi na moja ya vidio, wakapita. Kitu ambacho ndo kizima cha tesiti yao wamekipa sekunde nane, halafu dakika sita za kuhamasisha kwamba naweza kufaulu.

Toka hapo nikaandika ukutani kwa makapeni, kinyume cha wote ni si wote, kinyume cha baadhi ni hakuna hata mmoja, kinyume cha walio wengi (zaidi ya nusu) ni nusu au pungufu, kinyume cha lazima ni si lazima (sio marufuku!). Na chaguo lenyewe likiwa na "hai-" au "hawa-" tayari, kama lile la bei, kukanusha ni kuiondoa tu. Mke wangu akauliza nimeanza mambo gani ya kuandika ukutani nyumba ya kupanga.

Sasa niwaseme kwa kitu kingine. Wana ujanja wao wanauuza sana, kwamba chaguo lenye maneno makali, tu, pekee, daima, lifute haraka. Usiufuate kichwa kichwa. Unafanya kazi mara nyingi kwa sababu hoja nyingi hazihitaji kitu kikubwa hivyo, ni kama lile la wanunuzi wote. Lakini hitimisho lenyewe likiwa kali, na asampsheni inakuwa kali. Mtu akisema "njia PEKEE ya kufika Dar kabla ya saa tatu asubuhi ni basi la usiku", basi amekalia kwamba ndege ya kukufikisha muda huo hamna, gari binafsi hamna, hamna hamna. Hapo chaguo la upole ndo la kupotea. Nilipoteza maswali kadhaa ya mazoezi kwa sababu ya huo ujanja, na maelezo yao chini ya swali yakawa yanaeleza kwa nini jibu ni C, ila kwa nini A niliyochagua mimi sio, wameandika "haihusiani" basi. Haihusiani vipi? Mimi nimelipa nijue hiyo haihusiani inatokea wapi.

Kilichonisaidia zaidi mwisho kilikuwa kazini. Fomu ya mkopo ni hoja. Mkulima wa parachichi Rungwe anaandika mwaka jana nimeuza kilo kadhaa kwa bei hii, mwaka huu miti imeongezeka, kwa hiyo marejesho sio shida. Zamani nilikuwa naangalia dhamana na saini. Saivi nasoma naona imekalia nini: bei haitashuka wote wakivuna pamoja, miti mipya imeshafika umri wa kuzaa, mnunuzi wa mwaka jana bado anakuja. Nikawa nafanya kama tatu kwa siku nikiwa kwenye bajaji nakwenda Kabwe, bila bando, bila laptopu. Meneja akadhani nimekuwa mkali, mteja mmoja pia akadhani hivyo, pole yake. Na nikagundua asampsheni ziko kama za aina mbili, moja ni daraja, inaunganisha kitu cha kwenye ushahidi na kitu kipya kilichotokea ghafla kwenye hitimisho (ushahidi unaongelea magunia, hitimisho linaongelea kipato, nani kawaunganisha?), nyingine ni mlinzi wa mlangoni, inazuia sababu nyingine isiingie ikaharibu. Za daraja nazipata haraka. Za mlinzi ndo hapo tesiti ya kukanusha inalipa, maana chaguo linakuja na kitu ambacho hoja haijakigusa kabisa, unataka kulifuta, usilifute kabla hujalikanusha.

Ila msikanushe yote matano, muda hautoshi. Mimi nafuta matatu kwa kusoma hitimisho tu, mawili yanayobaki ndo nakanusha. Hii sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na saa.

Mtihani nilifanyia kituoni Dar. Unaweza kuufanyia nyumbani kwa laptopu, ila kwa umeme wetu na intaneti ya mtaani kwangu sikuthubutu. Nilitoka huku jioni, nikalala huko siku moja kabla ya mtihani, joto la kule nalo likataka kuniua. Kwenye Verbal asampsheni zilikuja, sikumbuki ngapi na hata ningekumbuka maswali yenyewe hairuhusiwi kuyatoa, ninachokumbuka ni moja niliiwekea alama nikairudia mwishoni (unaruhusiwa kubadili majibu mpaka matatu kwa kila sehemu), nikakuta nimekanusha "baadhi" kuwa "si wote". Nikacheka mwenyewe msimamizi akaniangalia.

Verbal 82, kutoka 76. Jumla 595, hesabu ndo iliniangusha na hiyo ni lawama yangu sio ya kozi. Matokeo yanaishi miaka 5 kwa hiyo sina haraka, naweza kurudia baada ya siku 16 lakini mfuko unasema hapana kwanza.

Je, ningeilipia tena? Mwezi wa kwanza ndio, kwa ajili ya kujua msingi na ile benki ya maswali, maana mazoezi mengi unayahitaji. Wa pili ndio kidogo. Wa tatu ulikuwa hela ya bure, nilikuwa nimeshamaliza nao. Elfu mia na ishirini na kitu kwa mwezi kwa mshahara wa huku sio mchezo. Dhamana yao ya kurudishiwa hela ina masharti, lazima uwe umemaliza vidio zote mpaka zile za kuhamasisha, mimi nilizirusha, nikakosa. Na jambo la mwisho angalieni sana: nilisitisha tarehe 28 na wakakata tena tarehe 1, nimeandika barua pepe tatu, wamenijibu moja, wananishauri niangalie vidio inayoeleza jinsi ya kusitisha. Nikatoa hela zote kwenye ile kadi ya kwenye simu nikaiacha na shilingi mia nne.