Nyaraka za Django 5.2 LTS: nzuri, ila chunga anwani
Django ni mfumo wa kutengeneza tovuti kwa lugha ya Python, na LTS ni toleo linalopata usaidizi wa muda mrefu. Ubora mkubwa wa nyaraka zake ni anwani yenye namba ya toleo: /en/5.2/ hubaki kwenye 5.2 hata matoleo mapya yakitoka. Ukihifadhi /en/stable/ badala yake, ipo siku utasoma kuhusu kipengele ambacho seva yako haina, kwa sababu anwani hiyo hufuata toleo jipya. Google nayo huweza kukutupa kwenye toleo lolote, basi kagua namba iliyo pembeni chini ya ukurasa kabla ya kunakili msimbo.

Kasoro ni moja, na si ndogo: masahihisho ya maelezo hurudishwa zaidi kwenye tawi (nakala inayotunzwa) la toleo la karibuni. Kosa lililomo 5.2 laweza kudumu mpaka usaidizi ukome, Aprili 2028.